Kikohozi cha Heshima

Kabla korona haijaja, mama yangu na mume wa mdogo wangu walikuwa wamekaa miaka mingi bila kutazamana usoni, na wala hawakuwa wamekosana. Walikuwa wakiheshimiana mpaka sisi wengine tukachoka.

Kwetu Ukambani jambo hilo tunaliita nthoni. Mama mkwe na mkwewe hawapeani mkono, hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana, na wakikutana njiani mmoja wao lazima aingie kichakani. Na vichaka vya Kyuso mnavijua, ni miiba mitupu. Mama aliokoka kabla sijazaliwa, akaacha ugoro na mengine yote, lakini nthoni hakuiacha. Nadhani iliokoka pamoja naye. Siku moja shemeji yangu alikuja akaketi uani kungojea chai, kumbe mama yuko chooni. Choo chenyewe ni cha mabati, na jua ni lile letu. Mama alikaa humo ndani adhuhuri nzima, hatoki, hasemi, mpaka nikamwomba shemeji twende tukamtafute mbuzi ambaye hakuwa amepotea.

Tangu siku hiyo shemeji alijifunza kukohoa. Akifika langoni anakohoa mara tatu, khoo, khoo, khoo, anasimama kidogo, halafu ndiyo anaingia. Mama akisikia anajitanda leso kichwani na kuzunguka nyuma ya jiko. Hata mbwa wetu alikizoea kile kikohozi, akawa habweki. Kama kulikuwa na la kuambiana, waliambiana kupitia mtu mwingine: "Mwambie huyo mtu chai iko tayari." Na kama hakukuwa na mtu, mama aliiambia sufuria, na sufuria ikasikika hadi uani.

Kwa hivyo serikali ilipotangaza kwamba watu wasisalimiane kwa mikono, wakae mbalimbali, wafunike nyuso na wasitembeleane ovyo, mama alisikiliza redio mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Kumbe serikali yote imeoa kwangu," akasema.

Hatukucheka kwa muda mrefu. Mwaka huo huo mama alianza kutoka damu, na akaficha, maana yeye ni wa kuficha. Nilikuja kugundua nilipomwona ameshika ukuta ili avuke kutoka kitandani hadi mlangoni, midomo imekuwa myeupe. Mimi ni mchuuzi wa ndengu, mambo ya hospitali siyajui, lakini rangi ya mtu aliye hai naijua. Niliacha magunia yangu sokoni, nikatafuta gari, tukateremka hadi Kitui.

Daktari alikuwa kijana kutoka Nyeri, mpole, amejifunika barakoa na miwani mpaka ukadhani anaenda kuchomelea mabati. Akasema ni uvimbe kwenye kizazi, unatakiwa kutolewa haraka, lakini damu ya mama imepungua mno. Akiingizwa chumba cha upasuaji vile alivyo hatoki. Zinahitajika painti mbili za kundi la O. Kwenye friji imebaki moja.

"Moja tu? Hospitali nzima?" nikauliza.

"Mama, damu yetu huwa tunaipata kwa wanafunzi," akasema. "Na shule zimefungwa."

Haki nilishangaa. Kumbe miaka yote hiyo sisi watu wazima, wenye ndevu na vyeo vya kanisani, tulikuwa tunaishi kwa damu ya watoto wa sekondari wanaofuata soda na biskuti! Nikakunja mkono wa blauzi nikamwambia achukue yangu. Wakapima. Mimi ni A, kama marehemu baba. Ningeweza kumpa mama kila kitu nilicho nacho isipokuwa hicho alichohitaji. Mdogo wangu, huko Kambu alikoolewa, alikuwa ananyonyesha, naye akaambiwa hafai. Na mama alizaa sisi wawili tu.

Basi nikageukia kanisa. Ibada zilikuwa zimefungwa, lakini tulikuwa na kundi la simu, na humo ndani watu walikuwa wakiomba kuanzia alfajiri. Sisi ni kanisa la kuimba habari za damu. Hakuna Jumapili inayopita hatujaitaja, kwa ngoma na kwa machozi. Nikajiambia, hapa nimefika. Nikatuma ujumbe wa sauti: mama yenu, yule anayewapikia muthokoi kwenye kila mkutano, anahitaji painti moja ya O, na mwenye nguvu aje Kitui.

Jamani. Simu yangu ilijaa upendo ikakaribia kulipuka. Mmoja alitoa jogoo. Mwingine akatoa nusu gunia la ndengu, mimi, muuza ndengu! Shemasi, mwanamume wa kuinua fahali kwa mkono mmoja, alitoa beberu mzima, akaeleza kwamba beberu huyo ana damu nyingi sana. Nikamuuliza sasa nimfungie wapi, kwenye mkono wa mama?

Nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Wa kwanza akasema yeye angetoa, ila ana sukari, na alikuwa ameijua hiyo sukari tangu asubuhi ile. Wa pili akaniambia wakikutoa damu wanaipima korona, na wakiipata unabebwa na gari unafungiwa kwenye shule fulani, unalala dawati moja na watu usiowajua. Wa tatu alitaka kujua kama damu ikitoka hurudi, na ikirudi, hurudi ile ile ama nyingine. Dada mmoja wa kwaya akaniambia angekuja mbio, ila amegombana na mama juu ya vikombe vya kanisa, na anaogopa damu zikikutana humo ndani zitaanza tena. Na shemasi akarudi hewani kunieleza kwamba damu yake si mali yake, ilishanunuliwa msalabani. Nikamwambia, basi mwenye mali atakudai vizuri, na nikakata simu. Mpaka leo tukikutana hunisalimia kwa mbali, na si kwa ajili ya korona.

Nilikaa kwenye ukuta mfupi wa hospitali nikalia kwa hasira. Mama alikuwa ndani anayeyuka kama sabuni, na mimi nina ahadi ya mbuzi.

Hapo ndipo shemeji alipopiga simu. Yeye ni fundi wa magurudumu pale Kambu, barabara kuu ya Mombasa, na ni mtu wa maneno machache.

"Shemeji, mimi ni O," akasema. "Tulipimwa tukiwa chuo cha ufundi."

Wote wawili tulikuwa tunafikiria jambo moja.

"Inafaa lakini?" akauliza.

"Sijui," nikasema. "Wewe njoo."

Nikakosea nikamwambia shangazi, dada ya baba, ambaye ndiye msemaji wetu wa mila tangu baba aondoke. Simu nusura ipasuke. "Mkwe? Damu ya mkwe? Mtu ambaye hata kizingiti cha chumba chake hajawahi kukiona, leo aingie mpaka kwenye moyo? Aiya! Na damu ikishaingia atakuwa mtoto wake wa damu, na mkewe atakuwa dada yake, na wale watoto wao tutawaita akina nani?" Nikamwambia, shangazi, kama unayo O lete, kama huna tuachie sisi. Akapumua kidogo, akatafuta njia, maana naye anampenda mama. Akasema zamani nthoni ilikuwa inalegezwa kwa zawadi. Shemeji alete blanketi. Blanketi litangulie, damu ifuate.

Kwa hivyo shemeji alitoka Kambu akiwa amepakiwa kwenye lori la vitunguu, ana blanketi la kijivu kwapani. Watu wa hospitali wakisikia umetoka barabara kuu, kwenye madereva wa malori, tayari wanakutazama kama wewe ndiye uliyeileta korona kutoka ng'ambo. Nilimwonya kwa simu: ukifika sema kidogo, vaa barakoa, nawa mikono, simama kwenye mstari.

Alifanya yote. Alinawa. Alisimama. Mstari wa langoni ulikuwa mrefu na umenyooka, kila mtu kwenye duara lake la chokaa. Alipofika kwa askari akainua macho, akaona wodi ya wanawake pale mbele, akajua humo ndani yumo mama mkwe. Na miguu na kifua vina mazoea. Akasimama wima, akakohoa.

Khoo. Khoo. Khoo.

Sijawahi kuona watu wakiokoka haraka vile. Mstari wote ulipotea. Mzee wa magongo aliacha gongo moja na hakulirudia. Askari alipiga filimbi huku anarudi kinyumenyume, na kufumba na kufumbua wakatokea watu wawili waliovaa mavazi meupe kuanzia utosini, wakamzoa shemeji na blanketi lake, wakampeleka kwenye lile hema la kando, ambalo ukiingia huambiwi utatoka lini.

Nilikimbia kwa daktari. Nikamwambia, daktari, yule mtu si mgonjwa, kile ni kikohozi cha heshima.

"Kikohozi cha nini?"

"Cha heshima. Anamwonya mama mkwe ajifiche."

Alinitazama kwa muda. "Mama mkwe hawezi hata kuketi," akasema. "Atajificha wapi?"

Nikajaribu kueleza. Nikaeleza choo cha mabati, nikaeleza mbuzi ambaye hakupotea, na kadiri nilivyoendelea ndivyo alivyokuwa anaangalia kama mimi pia nina homa. Nikaona maneno hayatoshi, nikakohoa mwenyewe ili asikie tofauti. Hilo lilikuwa kosa. Akaruka hatua nzima nyuma, na nusura na mimi nipelekwe hemani, mama abaki bila mtu. Aliyetuokoa ni sista wa wodi, mama mnene wa hapo hapo Kitui, aliyesimama mlangoni akisikiliza.

"Daktari, ni kweli," akasema. "Hata mume wangu hukohoa hivyo kwa mama yangu. Ukikohoa kavu, mara tatu, ukanyamaza, hiyo ni nthoni. Korona haihesabu."

Wakaenda kumsikiliza kifua, wakampima joto, wakamuuliza maswali, mwishowe wakamtoa hemani. Alitoka akiwa amejikunja kwa aibu. Nikamwambia, shemeji, ukikohoa tena leo nakuua kabla hujatoa damu. Akacheka kidogo ndani ya barakoa.

Hakuwa amekula tangu Kambu, na hakusema. Wanaume! Walipomuuliza kama amekula akajibu "nimeshiba", kwa sababu ndivyo mtu mwenye adabu hujibu kwenye mji wa wakwe, na yeye aliihesabu hospitali yote kuwa mji wa wakwe. Akatoa ile painti vizuri, akapewa soda na biskuti, akanywa soda. Alipoinuka kunipa ishara ya kidole gumba kupitia kioo, akaanguka kama gunia lililokatwa kamba.

Sasa sikilizeni. Wodi ya wanaume walikuwa wameipa korona. Vitanda vya dharura vilijaa. Kitanda kitupu kilichobaki kilikuwa katika wodi ya wanawake, pembeni kabisa, na kilipakana na cha mama. Sista akasema ni kwa muda tu, akavuta pazia katikati, wakamlaza, naye akapitiwa na usingizi. Mimi sikuruhusiwa kuingia, wageni walikuwa wamekatazwa, kwa hivyo nilikuwa nje dirishani, nimesimama kwenye maua ya hospitali, nimejifunika lile blanketi aliloagiza shangazi maana walilikataa mlangoni. Vile vioo vya dirisha vilikuwa wazi. Niliona yote na kusikia yote, na siwezi kuwaeleza moyo wangu ulikuwa wapi.

Damu ilipimwa, ikapimwa tena, ikaletwa. Sista akaitundika kwenye kile chuma cha kutundikia dawa, akamgeukia mama amtafute mshipa. Na wakati huo huo, nyuma ya pazia, shemeji akazinduka. Akafungua macho, akaona wanawake pande zote, akasikia mama anaugua pale jirani, na akajua alipo.

Akakohoa mara tatu.

Wagonjwa walioweza kutembea wakatembea. Walioshindwa wakavuta shuka hadi usoni. Na mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa na nguvu ya kuinua kijiko, aliinua mikono yote miwili akajifunika kichwa.

"Ni nani huyo?" akauliza kutoka ndani ya shuka, ingawa alimjua.

Sista, mtu wa haki, hakumdanganya. Akamwambia ndiye aliyemtolea damu.

Mama akaingiza mkono chini ya shuka, akaufunga.

"Hapana," akasema. "Rudisheni. Nitamwangaliaje?"

"Kwani umewahi kumwangalia?" nikapiga kelele dirishani. Nilishindwa kujizuia. "Mwaitu, mama yangu, utakufa! Utakufa kwa heshima, na sisi tutakuzika kwa heshima, halafu?" Sista akamsihi kwa Kiswahili, akamsihi kwa Kikamba, akamsihi kwa Biblia. Mkono hautoki. Daktari akaja, akasimama, akasema mgonjwa ana haki ya kukataa, na macho yake juu ya barakoa yalikuwa yamechoka sana. Nami nikaanza kuona jeneza. Niliona mpaka rangi yake.

Halafu shemeji akasema, kwa ile sauti yake ya chini, bila kugusa pazia:

"Wewe chuma."

Sista akageuka kutazama ni nani anaitwa.

"Wewe chuma cha damu, mwambie mwenye kitanda. Nyumbani kwangu kuna kasichana kana jina lake. Ka pili. Mimi yeye siruhusiwi kumsemesha, lakini hako nakasemesha kila asubuhi. Nakaambia, mama, amka. Mama, kunywa uji. Mama, usiende karibu na barabara, kuna malori. Mwambie akikataa hii damu leo, kesho asubuhi mimi sitajua nikaamshe namna gani."

Chuma hakikusema kitu. Sista alikuwa anapangusa miwani yake.

"Chuma," mama akasema kutoka ndani ya shuka, sauti kama uzi. "Muulize huyo mtu kama amekula."

"Chuma, mwambie nimepewa soda na biskuti."

"Na kabla?"

Shemeji akanyamaza. Hawezi kumdanganya mama mkwe, hata kupitia chuma.

"Biskuti!" Mama akafunua uso. Alikasirika kabisa, akasahau chuma, akasahau nthoni, akaliambia pazia moja kwa moja: "Wewe! Mtu mzima, una watoto, unatoka Kambu na tumbo tupu unatoa damu? Nani alikufundisha? Ukinifia hapa, yule binti yangu nitamwambia nini? Wewe sista, unangoja nini? Weka hiyo kitu haraka kabla haijapoa!"

Na akanyoosha mkono.

Alipasuliwa kesho yake, na alipona. Hayo ni ya madaktari na Mungu. Sasa yuko Kyuso, na mkwewe akija bado anakohoa langoni, naye bado anazunguka nyuma ya jiko, shangazi ameridhika, na blanketi analo huyo huyo shangazi kitandani kwake. Kanisa tulimchinja yule beberu tukamla, na shemasi ndiye aliyeomba. Watu huniuliza kama korona ilitufundisha kitu. Mimi sijui. Ninalokumbuka ni yai.

Asubuhi ile nilikuwa nimempitishia mama yai la kuchemsha kwenye vioo vya dirisha, naye hakulila. Damu ilipoanza kushuka kwenye mrija, tone kwa tone, nilimwona anapapasa kwa ule mkono mwingine juu ya kabati dogo la kitanda. Akalipata. Akaligonga kwenye chuma cha kitanda, akalimenya kwa vidole, polepole, maganda yakianguka kifuani, uso ameugeuzia ukutani. Kisha akaupitisha mkono nyuma yake, chini ya pazia, akaushikilia hapo na lile yai jeupe kiganjani.

Kwa upande wa pili niliona mikono miwili mikubwa, yenye grisi isiyotoka kwenye kucha, ikija pamoja kulipokea.

Nikasikia anatafuna.

"Chuma," mama akauambia ukuta. "Muulize kama limeiva."

Shemeji alimeza kwanza. Chuma kilikuwa pale pale, na mfuko umeshapungua robo.

"Limeiva, mama," akasema.